Hisa za mtu zisiwe kufuli la mdomo wake

Ninapopitia mkataba wa ajira wa kampuni ya akili mnemba, sianzi na mshahara. Natafuta kwanza kifungu kinachosema mfanyakazi atafanywa nini siku akiondoka.

Mei 2024 ilibainika kuwa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliwataka watu wanaoacha kazi wasaini ahadi ya kutoisema vibaya kampuni maisha yao yote. Asiyesaini angeweza kupoteza hisa alizokwisha kuzitolea jasho. Daniel Kokotajlo, mtafiti wa kampuni hiyo, aligoma kusaini ingawa hisa hizo zilikuwa takriban asilimia 85 ya mali ya familia yake. Habari zilipotoka, Sam Altman, mkuu wa kampuni, alikiri kuona aibu, na kampuni ikawafungua waliokwisha kusaini.

Mwezi huohuo Ilya Sutskever na Jan Leike, waliokuwa wakiongoza timu ya usalama ya OpenAI, waliondoka. Timu yao, iliyoundwa Julai 2023 kutafuta namna ya kudhibiti mashine zitakazompita binadamu akili, ilikuwa imeahidiwa asilimia 20 ya uwezo wa kompyuta wa kampuni. Leike alisema hadharani kwamba usalama ulikuwa umeachwa nyuma ya bidhaa za kuvutia, na kwamba timu ilihangaika kupata kompyuta za kufanyia kazi. Akahamia Anthropic, kampuni shindani. Watu wa kiwango hicho hawakosi pa kwenda. Ahadi isipotimizwa, hakuna donge litakalowabakiza.

Linalonisumbua zaidi ni uwajibikaji. Mtu wa nje hana njia ya uhakika ya kujua mfumo ulijaribiwaje kabla ya kutolewa. Shahidi ni mfanyakazi. Hata malipo ya waliochambua maandishi ya kutisha jijini Nairobi ili ChatGPT isiyatoe, chini ya dola 2 kwa saa, tuliyajua Januari 2023 kwa sababu baadhi yao walizungumza na jarida la TIME, majina yao yakifichwa.

Juni 2024 wafanyakazi 13, wa sasa na wa zamani, wa OpenAI na Google DeepMind walidai haki ya kutahadharisha umma bila kuadhibiwa. California ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa wa aina hiyo Septemba 2025.

Waajiri wanaoniuliza nawaambia hivi: lindeni siri za biashara, lakini andikeni waziwazi kwamba kuripoti hatari si kuvunja siri. Hisa ambazo mtu amekwisha kuzitolea jasho zisifungamanishwe na ukimya. Na masharti ya kuondoka mtu ayaone kabla hajaanza kazi, akiwa bado na uhuru wa kukataa.