Je, wajua kwa nini taa ya oili huwaka kwenye ralanti (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), kisha huzimika ukikanyaga mafuta?

Gari limetoka Sake, injini imeshapata moto, sasa limekwama kwenye msongamano wa Birere, mjini Goma. Taa nyekundu yenye alama ya birika inaanza kupepesa. Dereva anakanyaga mafuta kidogo, taa inazimika, naye anaendelea na safari. Hapo ndipo injini nyingi za Goma huanza kufa.

Pampu ya oili haitengenezi presha, inasukuma oili tu. Presha huzaliwa pale oili inapojipenyeza kwa shida kati ya kreki (mhimili mkuu wa injini) na beringi zake (vibati laini ambamo huzunguka). Mwanya huo kwa kawaida ni milimita 0.03 hadi 0.06 hivi, ukifika 0.10, injini nyingi hudai beringi mpya. Oili ya moto ni nyepesi, na kwenye ralanti pampu huzunguka polepole. Mwanya ukiwa umepanuka, oili hupita bila kuzuiwa na presha huanguka. Ukikanyaga mafuta, pampu inasukuma oili nyingi zaidi, taa inazimika, lakini beringi zimebaki vilevile. Tena taa husubiri sana: swichi nyingi huiwasha presha ikiwa imeshuka hadi bar (kipimo cha presha) 0.3 au 0.5.

Basi zima injini kwanza. Gari likiwa mahali tambarare, ngoja dakika 10, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa chini, ongeza na utafute inakovujia. Ikiwa imepanda kupita alama na inanuka mazuti (dizeli), imechanganyika na mafuta ya kuendeshea: imwage yote, ukague nozeli na pampu ya mazuti.

Kiwango kikiwa sawa, usibadilishe swichi kwa kubahatisha. Ifungue, funga geji ya mkono ya presha mahali pake. Angalia nyuzi za kiungio: magari mengi ya Japani hutumia aina ya 1/8 BSPT yenye nyuzi 28 kwa inchi, ilhali 1/8 NPT ya Marekani ina 27. Zinafanana kwa macho, ila ukilazimisha utaharibu tundu la bloku. Pima injini ikiwa na moto. Toyota nyingi za zamani hudai angalau bar 0.3 kwenye ralanti, na 2.5 hadi 5 au 6 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Geji ikisoma vizuri na taa inawaka, kosa ni swichi, au waya wake umechubuka na kugusa bodi.

Presha nzuri asubuhi, mbaya injini ikipata moto: beringi zimelika, au oili ni nyepesi mno. Mbaya wakati wote: pampu imechoka, au vali ya kupunguzia presha imenasa wazi. Ikianguka kadiri mizunguko inavyopanda, shuku chujio lililo ndani ya karteri (bakuli la oili chini ya injini). Kwa Goma hili lisisahaulike, kwani jiwe la volkano likigonga karteri, bati hubonyea ndani na kuziba mdomo wa chujio. Silikoni ya kuzibia iliyopakwa kupita kiasi nayo hukatika vipande na kunasa humohumo.

Mwisho kata filta ya oili, ukunjue karatasi yake juani. Chembe zinazometa kama shaba au fedha ni beringi zinazosagika. Oili nzito itapandisha geji kwa muda, lakini haitarudisha chuma kilicholika. Na ukishasikia mlio wa kugonga upande wa chini ndani ya injini, usiiwashe tena: vuta gari kwa kamba hadi garaji.