Mgomo wa Ayalandi haukuiua kodi ya nyumba

Utasikia watu wakisema kwamba wananchi wa Ayalandi waligoma kulipa kodi ya nyumba na serikali ikasalimu amri. Sivyo. Wanaosema hivyo wanachanganya malipo mawili tofauti: ya nyumba na ya maji.

Ya kwanza yalianza na tozo ya nyumba ya 2012: euro 100 kwa kila nyumba, wakati nchi imebanwa na masharti ya mkopo wa 2010 kutoka Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mwenye kasri alidaiwa sawasawa na mwenye kijumba cha vyumba viwili, na kwangu mimi hasira ile ilikuwa ya haki kabisa. Siku ya mwisho, 31 Machi 2012, ilifika takriban nusu ya nyumba zikiwa hazijasajiliwa kwa tozo hiyo. Watu walibishana vikali, huyu akishikilia kuwa sheria ni sheria, yule akikataa kubebeshwa hasara za mabenki yaliyookolewa na serikali.

Lakini 2013 ikaja kodi mpya iliyofuata thamani ya nyumba, na ukusanyaji ukakabidhiwa mamlaka ya mapato. Hapo ndipo mgomo ulipokwama, kwa sababu mamlaka hiyo iliweza kukata kodi moja kwa moja kwenye mshahara au pensheni. Hata ile euro 100, kwa ambaye hakuilipa hadi Julai 2013, ilipanda ikawa 200 na deni likahamia huko huko. Kodi hiyo ya 2013 ipo hadi leo.

Kilichoanguka ni yale malipo ya pili, bili za maji za majumbani. Hizo zilisitishwa 2016, na waliokuwa wamelipa wakarudishiwa fedha zao.