Kuchoma majani chini ya mkorosho hakuui ubwiri

Huku Mtwara tumekua tukiambiwa shamba safi la mikorosho ni lile chini peupe kabisa, majani yakishaanguka unakwangua unachoma, eti ubwiri (ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye mikorosho) unafia hapo. Ila ukweli ndugu zangu, ubwiri ni ukungu unaoishi kwenye sehemu mbichi za mti tu, machipukizi na maua, jani kavu hauna kazi nalo. Msimu usio wa maua unajificha kwenye vile vichipukizi vilaini vinavyotoka ndani ya mti kivulini, hivyo ndo vya kukata.

Majani yaache yaoze, maana udongo wetu ni mchanga, maji hayakai, na yale majani ndo yanashika unyevu na kurudisha rutuba, ukichoma naitrojeni nyingi inapaa na moshi. Korosho zikianza kudondoka sogeza majani pembeni mwa kivuli cha mti, usipate tabu kuokota.

Na kwa wanaokamua mabibo (yale matunda ya mkorosho) kutengeneza uraka, pombe ya mabibo, au waini, acha majani kidogo pale chini, bibo likitua kwenye mchanga mtupu linapasuka, linajaa mchanga na kuanza kuchacha kabla hujalifikia, so okota siku hiyohiyo ukamue.