Giarnni Regini-Moran kabla ya Liverpool

Mashabiki wengi walimjua mwanajimnastiki wa Uingereza, Giarnni Regini-Moran, mnamo Novemba 2022, alipotwaa ubingwa wa dunia wa sakafu, yaani zoezi la miruko juu ya zulia, mjini Liverpool na kumwacha Daiki Hashimoto wa Japani nafasi ya pili. Sisi tunaofundisha jimnastiki ya vijana tulikuwa na jina lake midomoni tangu 2014. Nasema bila kusita kwamba ushindi ule hauelezeki mpaka uutazame ujana wake.

Mwaka huo wa 2014 timu ya vijana ya Uingereza ilichukua dhahabu ya Ulaya mjini Sofia. Ndani yake walikuwamo Nile Wilson, Brinn Bevan na Regini-Moran. Miezi michache baadaye, akiwa na miaka 16, alikwenda Nanjing, China, kwenye Olimpiki ya Vijana. Kule kila nchi iliruhusiwa mvulana mmoja tu, kwa hiyo hakukuwa na wenzake wa kumbeba. Alirudi na medali tano. Tatu kati ya hizo zilikuwa dhahabu: ya vifaa vyote kwa jumla, ya sakafu na ya meza ya kurukia.

Dhahabu ya vifaa vyote ndiyo iliyonishangaza zaidi. Mvulana hushindana kwenye vifaa sita, na pete huwatesa karibu wote wa umri huo. Msalaba, ule mkao wa kunyoosha mikono pembeni na kuning'inia bila kutikisika, unadai misuli ambayo mwili wa miaka 16 bado unaijenga. Kijana anayeongoza kwa jumla basi lazima awe amepoteza pointi chache mno kwingineko.

Hapo ndipo kanuni za vijana zinapoingia. Wakati ule mchezaji wa ngazi ya wakubwa alihesabiwa miruko na mikao 10 katika zoezi lake, kijana 8. Kocha mwenye pupa huzijaza zile 8 kwa ugumu wa kutisha. Kocha mwenye subira huyachukua mazoezi yale yale na kuyasafisha: magoti yaliyobana, vidole vya miguu vilivyonyooka, na zaidi ya yote kutua. Mchezaji anashuka kutoka kwenye mzunguko, miguu miwili inagusa zulia kwa pamoja, magoti yanapinda kidogo kupokea uzito, kisha kimya. Akisogeza mguu kidogo tu, 0.1 imekwenda. Hatua kubwa ni 0.3, na kuanguka ni 1.0 nzima. Kwenye sakafu mtu hutua baada ya kila mfululizo, kwa hiyo makosa madogo hula pointi kimyakimya mpaka pengo la medali linapatikana.

Kinachonisikitisha katika makala nyingi kuhusu vijana wa aina hii ni jinsi zinavyoruka kutoka Nanjing hadi Liverpool kana kwamba njia ilikuwa nyoofu. Aliumia vibaya goti. Olimpiki ya Rio 2016 walikwenda Wilson na Bevan, yeye akabaki. Sakafu na meza ya kurukia, vifaa viwili vilivyompa dhahabu, ndivyo vinavyolipiga goti kuliko vyote. Kocha yeyote angeelewa kama angehamishia nguvu zake kwenye baa na farasi mwenye vishikio, ambako miguu haipati kishindo isipokuwa wakati wa kushuka.

Sakafu na meza hakuviacha. Alikuwa kwenye timu iliyomaliza ya nne kwenye Olimpiki ya Tokyo, akashinda dhahabu ya Ulaya ya timu Munich mwaka 2022, na baada ya miezi mitatu hivi likaja Liverpool, ambako timu ya Uingereza pia ilipata shaba.

Nguvu hupotea kitandani baada ya upasuaji, na ugumu wa zoezi unabidi ujengwe upya kidogokidogo. Lakini namna mwili unavyojipanga hewani na kuutafuta mkeka, ikiwa imefundishwa vizuri kabla ya balehe kuisha, hurudi haraka kuliko misuli. Nimeliona hilo kwa vijana wangu wenyewe, hata wasio na kipaji cha kimataifa.

Ndiyo maana ninapopata karatasi ya matokeo ya vijana, siku hizi naanza na safu ya utekelezaji, yaani alama za usafi wa zoezi, hasa ya sakafu, kabla sijatazama nani kachukua medali. Wazazi huniuliza kwa nini mtoto wao hajaanza mizunguko miwili hewani ilhali wenzake wanaifanya. Huwa nawaonyesha video ya Nanjing, kisha ya Liverpool, na kuwaambia waangalie miguu tu.