Zero ya Akutan: ilivyoanguka, ilivyoruka tena, ilivyoangamia

Kila inapotajwa Zero ya Akutan, utasikia kwamba Wamarekani waliiokota ndege hii ya kivita ya Kijapani wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakaifungua kipande kwa kipande, kisha wakaunda ndege yao ya kivita, Hellcat, ili waishinde. Naikataa hadithi hii, na ushahidi wangu ni tarehe. Hellcat ya kwanza ya majaribio iliruka 26 Juni 1942, baada ya mkataba wake kusainiwa mwaka mmoja kabla. Zero ya Akutan iligunduliwa 10 Julai 1942. Mimi ni fundi wa injini za ndege, na kwa macho ya fundi thamani ya Zero hii iko kwingine kabisa: kwenye kabureta yake, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, na kwenye mabawa yake.

Ilikuwa Zero ya aina ya A6M2 Modeli 21, namba 4593, iliyotoka kiwanda cha Mitsubishi mjini Nagoya mwezi Februari 1942. Aliyeibuni aina hiyo, Jiro Horikoshi, alitakiwa na jeshi la majini la Japani atoe ndege yenye kasi, nyepesi kugeuka na yenye kufika mbali, huku injini zilizokuwepo zikiwa ndogo. Injini yake, Sakae ya silinda 14, ilitoa nguvu farasi 940 tu. Njia pekee ilikuwa kupunguza uzito. Akatumia aloi mpya ya alumini, nyepesi na imara, na ndege haikuwekewa bamba la chuma la kumkinga rubani wala matangi ya mafuta yanayojiziba yakitobolewa. Ikiwa tupu ilikuwa na takriban kilo 1,700, na kwa tangi la ziada iliweza kwenda zaidi ya kilomita 3,000. Katika miezi ya mwanzo ya vita vya Pasifiki, rubani aliyejaribu kushindana nayo kugeuka kwa mwendo mdogo alikuwa anajitafutia kifo.

Tarehe 4 Juni 1942, namba 4593 ilipaa kutoka manowari ya kubeba ndege Ryujo kwenda kushambulia kituo cha Dutch Harbor, Alaska. Rubani wake, Tadayoshi Koga, alikuwa na miaka 19. Risasi za kutoka ardhini zikakata bomba linalorudisha oili. Bomba lenyewe ni dogo, lakini injini isiyopata oili haichelewi kunoki, na Koga alijua hawezi kurudi melini. Wajapani walikuwa wamekichagua kisiwa cha Akutan, mashariki ya Dutch Harbor, kuwa mahali pa kutua kwa dharura, na nyambizi ilisubiri karibu kuwaokoa marubani. Kutoka juu Koga aliona uwanda wa majani, akashusha magurudumu. Chini ya majani yale palikuwa na kinamasi. Magurudumu yakanasa, ndege ikapinduka chali, naye akavunjika shingo.

Wenzake wawili walizunguka juu yake. Amri ilikuwa kwamba Zero ikianguka kwenye ardhi ya adui, iteketezwe kwa risasi isije ikachukuliwa. Hawakufyatua, kwa kuwa hawakujua kama mwenzao bado yu hai. Siwalaumu hata kidogo.

Ndege ikakaa pale zaidi ya mwezi, hadi ndege ya Wamarekani aina ya Catalina iliyokuwa kwenye doria ilipopita juu yake. Waliofika kwa miguu walimkuta Koga bado amefungwa mkanda kwenye kiti, wakamzika karibu. Kuikwamua kulihitaji kurudi zaidi ya mara moja, kisha ikapelekwa kwa meli hadi North Island, San Diego. Mafundi walinyoosha usukani wa mkia, ncha za mabawa na kifuniko cha rubani. Hata propela iliparazwa ikatumika tena. Udongo laini uliomuua rubani ndio uliokuwa umeihifadhi ndege.

Rubani wa majaribio wa Marekani, Luteni Kamanda Eddie Sanders, aliirusha 20 Septemba 1942, na hadi 15 Oktoba alikuwa ameiruka mara 24. Matatizo yalijitokeza tangu safari ya kwanza. La kwanza ni kabureta ya boya, ambayo fundi yeyote wa pikipiki anaijua: petroli inaingia kwenye kikombe, boya linapanda, sindano inafunga njia. Mfumo huo unategemea petroli itulie chini ya kikombe. Rubani akisukuma fimbo mbele kwa ghafla, ndege inadidimia na petroli inakimbilia juu, mahali ambapo haitakiwi. Injini inakohoa na kukata. Injini nyingi za ndege za kivita za Marekani zilipelekewa mafuta kwa shinikizo, hivyo hazikuwa na shida hiyo.

La pili ni aileroni, vile vibamba vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege ubavu. Ikipita noti 200, yaani kilomita 370 kwa saa, vilikuwa vizito mno, na kulalia kulia kulikuwa kugumu kuliko kushoto. Basi ukiandamwa na Zero, sukuma fimbo mbele, shuka kwa kasi, kisha jigeuze kulia. Hilo ndilo somo lililowafikia marubani, nami naliona lina uzito kuliko mchoro wowote wa kiwandani. Hata hivyo tusizidishe. Siku ileile Koga alipokufa, kwenye mapigano ya kisiwa cha Midway rubani wa Marekani John Thach alikuwa tayari anatumia mbinu yake ya ndege za kivita za Wildcat kupishana na kulindana, aliyoibuni kabla hajakutana na Zero yoyote.

Baadaye ndege ilipelekwa Anacostia, Washington, kisha ikarudi San Diego kufundishia. Februari 1945 Kamanda Richard Crommelin alikuwa anaisogeza chini uwanjani ajiandae kupaa, ndipo ndege nyingine ya Wamarekani, Helldiver, ikaivaa na propela yake ikaikatakata. Ilikuwa imepona risasi na kinamasi. Vipande vichache, vikiwemo vyombo vya kusomea mwendo na hali ya ndege, viliokolewa na kuingia makumbusho.

Anayetaka kusikia injini ya Sakae ikinguruma bado anaweza. Jumba la Planes of Fame huko Chino, California, lina Zero ya aina ya A6M5 iliyotekwa kisiwani Saipan mwaka 1944, na inaruka kwa injini ya aina hiyo ya asili.