Kiharusi kikichelewa kugunduliwa, je, fidia ni ya moja kwa moja?

Wengi wanaamini kwamba daktari akishindwa kugundua kiharusi, kosa hilo peke yake linatosha kushinda kesi. Imani hii inaeleweka. Anayemuuguza mzazi aliyepooza upande mmoja, baada ya kuambiwa ni kipandauso tu, ana kila sababu ya kuumia.

Hata hivyo, sheria katika nchi nyingi hudai zaidi. Ni lazima mlalamikaji aonyeshe kwamba daktari mwenye ujuzi wa kawaida, kwa dalili zilezile, asingefanya hivyo. Kisha kwamba ucheleweshaji ndio uliozidisha madhara. Hapo pa pili ndipo penye ugumu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Aliyeamka asubuhi hawezi kuinua mkono, huenda muda huo ulishapita akiwa usingizini. Tena picha ya CT (ya ndani ya ubongo, kwa mionzi ya eksirei) ya saa za mwanzo inaweza isionyeshe kiharusi cha mshipa ulioziba.

Kwa hiyo anza na faili. Omba nakala, usome saa: alipoonekana mzima mara ya mwisho, alipopokelewa, alipopigwa picha. Muuguzi aliandika "mdomo umepinda" saa 2:10 asubuhi, na daktari akamwona saa 6 mchana? Mpelekee wakili pengo hilo, tena mapema, kwani madai haya yana ukomo wa muda na kila nchi ina wake. Unaweza pia kulalamika kwa bodi inayosimamia madaktari, ila huko mara nyingi ni nidhamu, si fidia.