Je, wajua kwa nini mtafiti huiachia bahasha ichague tiba ya mgonjwa?

Mtoto analetwa wodini na homa kali, viganja vya baridi, moyo unakwenda mbio. Anafunguliwa dripu iende kasi. Saa moja baadaye vidole vimepata joto na mama anashusha pumzi. Nani atakubali kwamba dripu ile huenda imemdhuru?

Mwaka 2009, hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi, Mbale na Muheza, zilianza jaribio la FEAST kulichunguza jambo hilo. Watoto 3,141 waligawanywa makundi matatu: mawili yalipewa dripu ya kasi, moja ya maji ya chumvi na jingine ya albumini (protini ya damu), la tatu halikupewa. Tiba nyingine, kama dawa za malaria, antibiotiki na damu, kila aliyezihitaji alizipata.

Kundi la mtoto lilipangwa kwa bahati nasibu na kufichwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha zilifunguliwa kwa kufuata namba. Daktari angeachiwa achague, angewapa dripu walio hoi zaidi, kama moyo wa mganga yeyote unavyomtuma. Wakifa, tusingejua kilichowaua ni ugonjwa au dripu. Bahati nasibu huwatawanya walio hoi, wenye upungufu wa damu na waliocheleweshwa nyumbani karibu sawasawa katika kila kundi, pamoja na tofauti ambazo hakuna aliyeziwaza.

Ndani ya saa 48 walifariki 221 kati ya 2,097 waliopewa dripu ya kasi, yaani asilimia 10.5. Wasiopewa walifariki 76 kati ya 1,044, asilimia 7.3. Na baada ya saa ya kwanza, waliopewa dripu ndio walioonekana kupata nafuu zaidi! Jaribio lilisimamishwa Januari 2011, kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokusudiwa.

Je, si sadfa tu? Kama dripu isingeleta tofauti yoyote, pengo kubwa kiasi hicho lingejitokeza takriban mara 3 katika 1,000.

Sasa chukua wodi moja yenye watoto 30. Kwa viwango hivyo, wangefariki watatu badala ya wawili. Hakuna muuguzi, hata awe makini vipi, ambaye angeng'amua kifo hicho kimoja cha ziada. Ndiyo maana walihitajika maelfu.

Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara hahusiki hapa: wagonjwa wa aina hiyo hawakuingizwa kwenye jaribio, na maji wanayahitaji.